Tamko la Wenye Steshenari Kuhusu Haki ya Mwananchi wa Kawaida Kuhudumiwa na Kompyuta

Sisi wenye steshenari na watoa huduma za kompyuta mitaani, tuliokutana katika mkutano mkuu wa chama chetu na kutafakari hali ya huduma za umma zinazotolewa kwa njia ya mtandao Tanzania Bara, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa Serikali na taasisi zake, na kwa wote wanaobuni na kusimamia mifumo ambayo mwananchi hana hiari ya kutoitumia.

1. Chama hiki kinasema kwa niaba ya watu ambao kazi yao ni kukaa kati ya mwananchi na mashine. Tunadurufu vyeti, tunaskani, tunapiga picha za pasipoti saizi, tunachapa barua. Kwa miaka ya karibuni tumegeuka kuwa waombaji wa kila kitu kwa niaba ya kila mtu: mkopo wa elimu ya juu, ajira katika utumishi wa umma, cheti cha kuzaliwa, namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara, pasipoti. Ugumu wa mifumo hiyo ndio unaotulisha. Chama kinalitaja jambo hilo mapema ili ieleweke kwamba yanayofuata hayasemwi kwa kutetea tumbo. Yakitekelezwa, baadhi yetu watapoteza wateja.

2. Chama hakipingi huduma kuhamia mtandaoni. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliweka msingi mzuri, na tangu mfumo wa pamoja wa malipo ya Serikali ulipoanza kutumika mwaka 2017, mtu aliye sokoni anaweza kulipa kodi ya pango la ardhi kwa simu yake, akiwa na kontro namba tu, bila nauli ya kwenda ofisini na bila kumwomba mtu risiti. Hayo ni mafanikio, na wanachama wetu wameyashuhudia kwa macho.

3. Hata hivyo, yanayotokea kaunta yanapaswa kuwekwa wazi. Mwananchi anafika na bahasha ya vyeti. Fomu inamtaka awe na barua pepe. Hana, wala hajawahi kuihitaji. Kijana wa kaunta anamfungulia, anambunia nywila, anaiandika nyuma ya risiti. Zinafuata tarakimu 20 za namba ya kitambulisho cha Taifa, ambazo akikosea moja anaanza upya. Zinafuata tarehe: kalenda inafunguka katika mwezi huu na kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja, na mtu aliyezaliwa mwaka 1958 ana safari ndefu. Cheti lazima kiwe katika PDF na kisizidi ukubwa uliotajwa. Picha aliyoipiga mwenyewe kwa simu, inayosomeka hadi muhuri, inakataliwa kwa kuwa ni nzito. Wakati haya yakiendelea, muda wa ukurasa unakwisha na vyote vilivyojazwa vinafutika. Akifika mwisho, linatokea andiko jekundu kwamba taarifa si sahihi. Taarifa ipi kati ya hizo zote? Mfumo hausemi.

4. Mwananchi huyo anaondoka akiamini kwamba yeye ndiye asiyejua. Chama kinaliona hili kuwa dhara kubwa kuliko muda na fedha alizopoteza. Mtu aliyelea familia, aliyeendesha duka au shamba kwa miaka mingi, anayeweka hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa bila senti kupotea, anatoka kwenye duka letu akiomba radhi: “Nisamehe mwanangu, mimi haya mambo ya kisasa siyawezi.” Hakuna alilokosea hata aombe msamaha.

5. Shida haiishi siku ya maombi. Majibu yanatumwa kwenye barua pepe ambayo mwenyewe hawezi kuifungua. Wanachama wetu wamewapokea vijana waliokuja kuuliza majibu wakakuta wito wa usaili ulikwisha kutumwa na siku yenyewe imepita. Mfumo umehesabu kwamba umemjulisha. Yeye hakujulishwa.

6. Jambo la tano linazaa la sita, nalo ni zito zaidi. Kwa kuwa mteja hawezi kuingia mwenyewe kwenye akaunti yake, nywila hubaki kwa mhudumu. Katika maduka mengi lipo daftari lenye majina, namba za vitambulisho, namba za simu na nywila za watu wa mtaa mzima. Daftari hilo halikuanzishwa kwa nia mbaya. Lilianza kwa sababu wateja hurudi wakiwa wamesahau. Lakini Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na nchi ina Tume yenye dhamana ya kuisimamia. Haiwezekani sheria imlinde mwananchi kwa mkono mmoja, huku mfumo ukimlazimisha kukabidhi siri zake zote kwa mtu baki kwa mkono wa pili. Anayebuni mfumo usiotumika bila msaidizi amekwisha kuamua kwamba siri ya mwananchi haina ulinzi, awe amekusudia au hakukusudia.

7. Kuhusu lugha, Chama kinatambua kwamba kurasa nyingi za umma sasa zina Kiswahili. Tatizo ni kwamba Kiswahili hicho mara nyingi ni cha sebuleni. Ukurasa wa mbele unakaribisha kwa Kiswahili, fomu inaendelea kwa lugha mbili, na mfumo unapogoma, unagoma kwa Kiingereza. Mahali ambapo mtu anahitaji zaidi kuelewa ndipo anapoachwa peke yake. Hili halina udhuru wa kitaalamu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili kuanzia kwenye orodha za amri. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha inayoweza kubeba hukumu inaweza kumweleza mtu kwamba picha yake ni kubwa mno na ajaribu nyingine.

8. Wapo wanaodai kwamba ugumu ni tabia ya kompyuta na kwamba atakayeitaka hana budi kusoma. Historia ya chombo chenyewe inawakanusha. Zamani, aliyetaka kompyuta ifanye kazi alikariri amri na kuziandika bila kukosea herufi. Mwaka 1973 watafiti wa Xerox huko Palo Alto, California, waliunda kompyuta ya Alto, iliyoonyesha kazi kwa michoro kwenye kioo na kuongozwa kwa kipanya. Mwaka 1984 kampuni ya Apple iliingiza sokoni Macintosh, na njia hiyo ikaenea hadi kwa watu wasiojua amri hata moja. Watumiaji hawakupelekwa darasani kwanza. Mashine ndiyo iliyobadilishwa.

9. Ushahidi ulio karibu zaidi uko mfukoni mwa kila mtu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, na huduma nyingine za aina yake zikafuata. Watu walewale wanaoambiwa hawajui teknolojia wanatuma fedha, wanalipa ada za shule na kununua umeme, tena kwa simu za tochi. Wanaweza kwa sababu waliobuni walijali. Orodha ni fupi na ina namba. Swali huja moja moja. Kabla ya fedha kuondoka, jina la anayepokea linaonekana, na mtu anaweza kusita. Na anapokwama, yupo wakala kwenye kibanda chake, mtu mwenye sura na jina. Chama hakisemi huduma hizo hazina kasoro. Matapeli wanaojifanya wametuma fedha kimakosa tunawafahamu. Tunachosema ni kwamba mwananchi wa kawaida alikwisha kuthibitisha uwezo wake, na sasa ni zamu ya mifumo ya umma.

10. Kwa hiyo, msimamo wa Chama ni huu. Mtu mzima anayejua kusoma, mwenye vielelezo halali, anaposhindwa kukamilisha peke yake ombi la huduma anayostahili, kasoro ni ya mfumo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua haki ya kila mtu kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Haki hiyo haitimii kwa taarifa kuwekwa tu mahali ambapo mwenye haki hawezi kufika. Mlango wa ofisi ukijengwa mfupi, wananchi hawapewi semina ya kuinama, fundi huitwa.

11. Chama kinafahamu kwamba jibu linalotolewa kila mara ni elimu kwa umma. Elimu hiyo tunaiheshimu, na wanachama wetu kadhaa wanaitoa bila malipo kwa vijana wa mitaa yao. Lakini si jibu la swali hili. Mtu huomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake mara moja. Kumfundisha fomu ambayo hataiona tena ni kumtupia kazi ya mbunifu. Zaidi ya hayo, fomu hubadilishwa bila taarifa, na aliyefunzwa mwaka jana anakuta mwaka huu vitufe vimehama. Sisi wenyewe tunaoshinda mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi usiku hupigiana simu kuulizana siku mfumo fulani unapobadilika. Kama sisi tunauliza, mkulima wa Kilosa afanyeje?

12. Kutokana na msimamo huo, Chama kinaziomba taasisi husika, kwa heshima na bila kurudi nyuma, zizingatie kwamba hakuna mfumo unaopaswa kufunguliwa kwa umma kabla ya kujaribiwa na watu wasio wataalamu. Majaribio ya aina hiyo hayahitaji bajeti kubwa: mwananchi akae mbele ya kioo, mbunifu akae kando yake, na mbunifu anyamaze. Kila atakapotamani kusema “bofya pale,” aandike kwamba pale pana kasoro. Chama kiko tayari kutoa maduka ya wanachama wake kuwa mahali pa majaribio hayo, bila malipo.

13. Vilevile, namba ya simu itoshe pale ambapo barua pepe haina ulazima, na majibu yatumwe kwa ujumbe mfupi. Mfumo wenyewe upunguze ukubwa wa picha. Hiyo ni kazi ndogo kwa kompyuta na kubwa kwa binadamu. Yaliyojazwa yahifadhiwe hata umeme ukikatika. Kosa litajwe ni lipi, liko wapi na linarekebishwaje, kwa Kiswahili. Kwa asiyeona, vile vifumbo vya herufi zilizopindapinda vya kuthibitisha kwamba yeye si roboti viwe na njia mbadala ya sauti, maana kwa sasa vinamzuia kabisa. Na dirisha la karatasi lisifungwe. Wapo wazee, wapo watu wenye ulemavu, na yapo maeneo ambako mtandao hupatikana kwa kupanda kilima. Hao nao ni wananchi kamili, na kuhudumiwa kwao kwa karatasi kusihesabiwe kuwa hisani.

14. Chama, kwa upande wake, kimeazimia yafuatayo na kinawafunga wanachama wake wote. Madaftari ya nywila yatateketezwa, na hakuna mhudumu atakayehifadhi nywila ya mteja, iwe kwenye daftari, kwenye simu au kwenye kompyuta ya duka. Kioo kitageuzwa kumwelekea mteja wakati ombi lake linajazwa, na maswali yote atasomewa kabla ya kujibiwa. Mhudumu hatajaza jibu kwa kukisia. Mteja ataandika nywila yake kwa mkono wake. Bei ya kila huduma itabandikwa ukutani, na gharama ya mhudumu itatenganishwa na ada ya taasisi, ili pasiwepo anayelipishwa ada ambayo Serikali haikuiweka. Mwanachama atakayekiuka ataondolewa katika Chama na jina la duka lake litatangazwa.

15. Chama kitaanza kutunza kumbukumbu za kila mahali ambapo wateja wanakwama, bila majina wala namba za vitambulisho, na kitaziwasilisha kwa maandishi kwa taasisi zinazohusika na kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Taasisi itakayojibu na kurekebisha, Chama kitaitaja hadharani kwa sifa. Itakayokaa kimya, kumbukumbu zake zitawekwa wazi kwa umma pamoja na tarehe zilipopokelewa.

16. Mwisho, Chama kinawaomba wananchi wenyewe mambo mawili. Mfumo unapokataa, mwananchi asiondoke bila kuuliza umekataa nini, na jibu hilo aandikiwe. Na mhudumu yeyote, awe mwanachama wetu au asiwe, akiomba kutajiwa nywila au namba ya siri ya simu ili “amsaidie haraka,” mwananchi asimpe. Achukue vyeti vyake na kwenda duka lingine.