Mbigili, pancha na tairi lisilo na tyubu

Aliyekulia Dodoma hahitaji kuelezwa mbigili ni kitu gani. Mvua zikishakatika, kijimea kile kitambaacho ardhini hukauka, na punje zake zenye pembe ngumu hutawanyika njiani. Vyovyote itakavyoanguka punje hiyo, pembe mojawapo huelekea juu. Mwenye ndala anaijua, na mwenye baiskeli anaijua zaidi.

Dada yangu ana kijana wa kidato cha pili aendaye shuleni kwa baiskeli, kilomita saba kwenda na saba kurudi, na mdogo wake wa darasa la nne amekaa kwenye keria. Kiangazi kilichopita alipata pancha mara tatu katika juma moja. Kila pancha ilikuwa na hesabu yake: fedha ya fundi, kipindi cha kwanza kilichopotea, na jioni moja watoto wote wawili kusukuma baiskeli mpaka giza likawakuta njiani. Usiku huo dada alinipigia simu. Hakulalamika, alisema tu, "Kaka, nimechoka kusimama barabarani kuwangoja." Hapo ndipo nilipoanza kuidadisi habari ya matairi yasiyo na tyubu.

Katika magari jambo hili ni la zamani. Kwa baiskeli za milimani, kampuni ya Mavic ya Ufaransa, ikishirikiana na watengenezaji wa matairi Michelin na Hutchinson, ilileta mwaka 1999 ringi na tairi vilivyoundwa makusudi vishikane bila tyubu. Vitu hivyo vilikuwa ghali, na waendesha baiskeli wasio na uwezo wakabuni njia ya kuigeuza ringi ya kawaida. Siri yake ni mbili: kuziba matundu ya spoki ili upepo usipite, kisha kumimina ndani ya tairi dawa nyeupe mfano wa maziwa. Dawa hiyo aghalabu ni utomvu wa mpira uliotiwa chembechembe ndogo. Mwiba ukitoboa, upepo unaotoroka huusukuma utomvu hadi kwenye tundu, nao huganda papo hapo ukaziba. Mwendeshaji huenda asijue kabisa kwamba amechomwa.

Nilianza na baiskeli yangu mwenyewe, kwani si uungwana kujifunzia ufundi kwenye chombo cha mtoto wa mwenzio. Utepe maalumu na valvu zake sikuvipata, basi nikafuata njia ya wasio nacho, ambayo kwa hakika ndiyo inayotufaa wengi wetu. Baiskeli yangu ni ya inchi 26. Nilinunua tyubu mpya ya baiskeli ya mtoto, ya inchi 20, yenye valvu nene iliyo sawa na ya gari. Nikaupachika mguu wa valvu kwenye tundu la ringi, nikaijaza upepo kidogo ili ipate umbo, nikaivuta kuizunguka ringi nzima juu ya ule utepe unaofunika vichwa vya spoki. Kisha nikachukua mkasi nikaipasua katikati ya mgongo, mzunguko mzima, nikaifunua kama mtu afunuavyo ganda la ndizi, hata kingo zake zikalala nje ya ringi pande zote mbili. Unga wa ndani nikauosha na kukausha. Tairi likavalishwa juu ya mpira huo, kingo zimeachwa zikining'inia nje.

Mpaka hapo kazi ni nyepesi. Ugumu uko katika kulifanya tairi likae. Pampu ya mkono haitoshi, kwa sababu upepo unavuja kwa kasi kuliko unavyoingia. Paka povu la sabuni kwenye kingo za tairi, nenda kwenye kompresa ya kituo cha mafuta, na usikilize: tairi likikaa mahali pake hulia pa, pa, mara mbili au tatu. Baada ya hapo toa upepo taratibu, fungua kipini cha ndani ya valvu, ingiza dawa kwa bomba la sindano, kiasi cha mililita 100 kwa tairi nene, chupa ikiwa imetikiswa vizuri kwanza. Rudisha kipini, jaza upepo, zungusha gurudumu, litikise, lilaze upande huu na upande ule ili dawa ienee kote. Kesho yake ndipo ukate kwa wembe ule mpira unaoning'inia.

Mimi nilikosea mara mbili. Kwanza nilitumia tairi kuukuu ambalo ubavu wake umechakaa, dawa ikalitoka kama jasho na asubuhi nikalikuta bapa. Pili, kwa tairi jipya, nilimwambia kijana wa kompresa aongeze, aongeze tena, mpaka likachomoka kwenye ringi kwa kishindo na maziwa yale yakanirukia kifuani. Tairi la kawaida halikuundwa kushikilia ringi peke yake, kwa hiyo psi 30 hadi 35 zinatosha, na 40 usizivuke. Nilikuwa nimevaa kanzu, nikielekea kwenye kikao cha kamati. Utomvu uliokauka katika kitambaa hautoki, nimeshathibitisha.

Tangu jaribio la tatu ni miezi minne sasa. Nimeng'oa mbigili nyingi katika matairi yale, wala sijasimama njiani. Joto letu hukausha dawa upesi, basi kila baada ya miezi miwili hufungua valvu nikaongeza kidogo. Baiskeli kubwa za chuma za inchi 28 nawasihi msizijaribie, kwani ringi zake nyingi hazina mdomo wa ndani wa kulishika tairi.

Nilipompelekea dada habari njema, aliniuliza swali moja: "Na likichomoka huku mdogo wake yuko nyuma?" Nilitaka kujibu haraka, nikashindwa. Baiskeli yenye watu wawili inahitaji upepo mwingi zaidi, na upepo mwingi ndio ulionirushia maziwa kifuani. Ukiupunguza, tairi laini lenye mzigo laweza kusogea kwenye kona na kuachia upepo ghafla. Kijana alisikitika, maana alikwisha kuwatangazia wenzake shuleni kwamba atakuwa na "tyubulesi". Akaniambia, "Mjomba, mbona yako imekubali?" Nikamjibu kwamba yangu hubeba mtu mmoja na daftari la mahudhurio.

Kwa baiskeli yake tulifanya jambo dogo zaidi: tuliacha tyubu zake, tukafungua vipini vya valvu, tukaingiza dawa ileile ndani ya tyubu. Hakuna kompresa wala mkasi, na mtoto wa miaka kumi na mitano aliifanya mwenyewe nikiwa nimekaa kitini. Haizibi vizuri kama bila tyubu, na tyubu ikibanwa baina ya jiwe na ringi hupasuka palepale, lakini mbigili inaiweza. Nilimnunulia pia pampu ndogo na tyubu moja ya akiba, ifungwe chini ya kiti.

Muhula huu amepata pancha moja, ya msumari, akabadilisha tyubu mwenyewe kando ya njia huku mdogo wake akimshikia pampu. Dada yangu bado husimama barabarani jioni. Nilipomuuliza sababu, alisema siku hizi anapunga upepo tu.