Nani aliandika ng4ombe?

Katika orodha ya maneno ambayo wenzangu wawili walikuwa wakiiandaa kwa somo la leksikografia, ng'ombe aliingia akiwa ng4ombe. Hakuna aliyekosea kuandika. Kwenye klavie ya AZERTY ya Kifaransa, ambayo wengi wetu tunaitumia humu Lubumbashi, ritifaa inakaa kibonye kimoja na tarakimu 4. Programu waliyopewa ilikuwa na visanduku vya kujazia vilivyobuniwa na mtengenezaji mwenyewe, na visanduku hivyo havikusoma herufi. Vilisoma namba ya kibonye. Kibonye cha 4 kimeshuka, basi 4 imeandikwa.

Tulicheka sana siku ile. Lakini nimeendelea kulifikiria jambo hili, na ninaona kwamba ni la kitivo chetu kabla ya kuwa la watu wa informatika.

Kidole kinapobonyeza, kompyuta hupokea habari mbili tofauti, moja baada ya nyingine. Ya kwanza inasema kibonye fulani kimeshuka. Ya pili inakuja baada ya mfumo kuangalia klavie ni ya aina gani, kama Shift imeshikwa, kama kuna alama iliyokuwa ikingoja. Ndipo inasema herufi iliyopatikana ni hii. Kwenye Windows ya kwanza inaitwa WM_KEYDOWN na ya pili WM_CHAR. Wanaoandika kwa .NET wanazijua kama KeyDown na KeyPress, wa Java kama keyPressed na keyTyped. Mwaka wa kwanza walimu wetu wanatufundisha kwamba sauti inayotoka kinywani si fonimu, kwamba kati ya hizo mbili kuna mfumo mzima wa lugha. Kibonye na herufi vinahusiana vivyo hivyo. Mtengenezaji anayechukua kibonye akakiita herufi amefanya lile ambalo sisi tungepewa sifuri kwa kulifanya.

Aliyejaribu programu yake kwenye QWERTY tu hataona kosa, kwa sababu huko kibonye cha 4 hutoa 4. Kwetu safu ya juu ya klavie inatoa é, è, ç na à, na tarakimu zinapatikana kwa Shift. Ndiyo maana ndugu mmoja wa huku Ruashi, aitwaye José, alitoka kwenye ofisi moja na karatasi iliyoandikwa JOS2. Mtu wa ofisi alimwambia eti ni mashine. Kijana akarudi mara tatu kurekebisha jina, kila mara kwa nauli yake, kwa sababu jina lisipolingana na lile la diploma, mlango unafungwa. Kuna pia visanduku vya namba ya simu ambavyo vinakataa kabisa Shift, mtengenezaji akidhani anazuia alama za ajabu. Kwenye kompyuta ndogo isiyo na vibonye vya tarakimu pembeni, hapo huwezi kuandika namba kwa njia ya kawaida. Na AltGr, ambayo bila hiyo hatupati alama ya @ ya anwani ya barua pepe, Windows huipeleka kama Ctrl na Alt kwa pamoja. Kisanduku kinachopuuza kila kinachokuja na Ctrl kinaimeza.

Hayo ni ya Kiswahili na Kifaransa, lugha ambazo kompyuta inazijua vizuri. Kwa lugha zetu nyingine hali ni mbaya zaidi. Katika Kilingala kokoma ni kuandika, kokóma ni kufika. Moto ni mtu, mɔ́tɔ ni moto unaowaka. Mwaka 1976 Société zaïroise des linguistes ilipitisha maandishi ya Kilingala yenye ɛ na ɔ, kwa hiyo hatuzungumzii herufi za kigeni zilizozuliwa jana. Herufi ó ina namba yake moja katika Unicode. Lakini ɔ́ haina. Inaundwa kwa namba mbili, ɔ kwanza kisha alama ya toni juu yake. Herufi hizi hazipo kwenye AZERTY ya kawaida ya Windows, basi tunatumia Keyman ya SIL, au kwenye Linux mpangilio wa klavie uliotengenezwa kwa ajili ya Kongo. Njia hizo zote hupeleka maandishi yaliyokwisha kuundwa. Kisanduku kinachosikiliza vibonye peke yake hakiyasikii kabisa. Unaandika mɔ́tɔ, kinabaki mtu.

Kuna jambo dogo hapa ambalo nalipenda, na wengine watalikataa. Mshale wa kushoto unapaswa kuruka ɔ́ nzima, kwa sababu kwa msomaji ni herufi moja. Lakini kibonye cha kufuta kingeondoa toni tu na kuacha ɔ, ningefurahi, maana tunapoandika data mara nyingi tunajua vokali na tunatilia shaka toni. Mtengenezaji hawezi kulijua hilo asipotuuliza.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema watu hawaandiki toni katika maisha ya kila siku. Ni kweli, hawaandiki, na mimi mwenyewe nikimwandikia mama ujumbe kwa simu sijisumbui. Ila kuacha toni kwa hiari ni desturi ya uandishi. Kunyang'anywa toni na kisanduku ni upotevu wa data, na anayesoma orodha ile baada ya miaka kumi hatajua ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea. Wa pili atasema andika kwanza katika Word, kisha nakili. Visanduku vingi vya kujitengenezea havijui hata Ctrl+V.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi: visanduku maalumu vinahitajika. Nakubali. Kisanduku kinachofungua orodha ya ngeli ukibonyeza mshale wa chini kinaokoa saa nzima ya kazi. Lakini mshale, Enter, Tab na Escape ni vitendo, na vitendo ndivyo vya kusikilizwa kwenye KeyDown. Herufi zingoje habari ya pili. Na afadhali zaidi mtengenezaji achukue kisanduku cha kawaida cha mfumo, ambacho tayari kinajua haya yote, aongeze juu yake anachotaka. Programu za kusoma skrini, ambazo mwanafunzi asiyeona anazitegemea, nazo hukitambua kisanduku cha namna hiyo. Kile kilichochorwa upya kabisa mara nyingi kwao ni ukimya.

Ninachoomba kwa kitivo si fedha. Kabla hatujapokea programu yoyote ya kukusanyia maneno, hata ikiwa ya bure, hata ikiwa ya rafiki, mtu aketi dakika tano kwenye kompyuta yenye AZERTY aandike ng'ombe, José, kokóma, mɔ́tɔ, namba ya simu na anwani ya barua pepe. Kisha anakili mɔ́tɔ kutoka kwingine na kuibandika, arudi nyuma kwa mshale, afute, apite kisanduku hadi kisanduku kwa Tab bila kugusa kipanya. Lolote likikwama, programu irudi kwa mwenyewe pamoja na maelezo ya kilichokwama. Wenzetu wa informatika niliowaonyesha orodha hii waliichukua kwa furaha. Mmoja aliniomba nimwongezee maneno ya Ciluba, na bado namdai jibu.