Chuma Hakichapwi

Waswahili walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Hawakueleza jina baya hufanya nini, ila yaelekea hufunika hata kilichokuwa peupe. Katika miaka ya karibuni, kila inapotajwa kwa Kiswahili teknolojia ya kuunda vitu vya chuma kwa mwali wa leza, hutajwa kwa jina moja tu: uchapishaji. Mtambo "unachapisha" kiungo cha nyonga, mtambo "unachapisha" kipuri cha ndege. Neno hilo limepenya hadi darasani pasipo mtu kulihoji, nalo linastahili kuhojiwa, hususan na wanafunzi wa lugha. Kasoro yake si ya urembo wa usemi. Ni istilahi inayoificha kazi inayodai kuitaja.

Chapa, neno tulilopata kutoka lugha za Bara Hindi, ni alama inayobanwa juu ya kitu. Pana chapa ya ng'ombe, chapa ya sarafu na, kwa kupanuka kwa maana, chapa ya kitabu. Katika matumizi yote hayo kitu hutangulia na alama hufuata. Ngozi ya ng'ombe ipo kabla ya chuma cha moto, na karatasi ipo kabla ya wino. Linganisha sasa na yanayotendeka ndani ya mtambo wa leza.

Chemba hufungwa na kujazwa gesi ya argoni ili oksijeni isije ikauharibu ujenzi. Ndani yake mna bamba nene la chuma. Wembe hutandaza juu ya bamba hilo unga wa chuma, tabaka lenye unene wa mikroni 30 hadi 60 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una takribani mikroni 70. Mwali wa leza wenye nguvu ya wati mia kadhaa, uliokusanywa mahali padogo mno, hupita juu ya unga ukifuata mchoro uliomo katika kompyuta. Unapopita, unga huyeyuka ukawa kidimbwi, na kidimbwi kikaganda papo hapo nyuma yake. Bamba hushushwa kidogo, unga mwingine hutandazwa, mwali hupita tena ukiyeyusha tabaka jipya pamoja na sehemu ya lile la chini ili yashikamane. Kitu chenye kimo cha sentimita 10, kikijengwa kwa matabaka ya mikroni 40, hudai mizunguko 2,500. Katika mizunguko yote hiyo hapana kilichobanwa juu ya kingine. Pana kuyeyuka na kuganda, kazi ambayo Kiswahili kina kitenzi chake cha siku nyingi: kusubu. Tofauti ni kwamba mhunzi wa zamani alimimina chuma ndani ya kalibu, na huyu mpya anasubu bila kalibu, chembe kwa chembe.

Basi uchapishaji ulitoka wapi? Leza yenyewe haina lawama. Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza mwaka 1960 huko Malibu, Marekani, na haikupita miaka mitano viwanda vikawa vinaitumia kutoboa vibonyeo vya almasi vya kuvutia nyaya. Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza walikata bamba la chuma kwa leza ikisaidiwa na oksijeni. Katika miaka ya 1980, Carl Deckard, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alibuni namna ya kushikanisha unga kwa leza, na katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Aachen, Ujerumani, wakafaulu kuuyeyusha unga wa chuma kabisa badala ya kuugandisha juu juu. Hapana hata mmoja kati ya hao aliyehitaji neno chapa. Jina lilitoka kwingine, katika chuo cha MIT, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 Emanuel Sachs na wenzake walitumia kichwa cha mashine ya kuchapia, kile cha kurusha matone ya wino, kunyunyizia gundi juu ya unga. Hapo jina lilikuwa na haki yake. Matone yalitua juu ya unga kama wino utuavyo juu ya karatasi. Baadaye wafanyabiashara na waandishi wa habari walilichukua jina la mbinu moja wakazivika mbinu zote, naam, kama mtu anayeita kila gari matatu.

Madhara ya kuzivika zote joho moja yanadhihirika pindi mtu anapotazama mbinu tatu zinazotumika zaidi kwa chuma. Ya kwanza ndiyo hiyo ya kusubu tabaka juu ya tabaka. Ya pili humimina unga au waya moja kwa moja ndani ya kidimbwi kinachoyeyushwa na leza, juu ya kipande kilichopo tayari, na hutumiwa sana kujazia mapanga ya injini na mihimili iliyolika. Fundi yeyote wa jua kali akiiona hiyo, hahitaji kuelezwa: ni kulehemu, au kuchomelea kama wasemavyo wengi, isipokuwa mkono umekuwa wa roboti. Ya tatu ni ile ya gundi. Umbo hutoka mtamboni likiwa dhaifu, laweza kuvunjwa kwa vidole, kisha hutiwa tanurini, gundi ikaungua na chembe zikashikana, na umbo zima likanywea kwa kadiri ya asilimia 15 hadi 20 kwa kila kipimo. Hilo mfinyanzi analijua tangu asili. Hufinyanga chungu kikubwa kuliko akitakacho kwa sababu jua na moto vitadai fungu lao. Kwa hiyo Kiswahili kina kusubu, kulehemu na kufinyanga, vitenzi vitatu kwa kazi tatu zilizo tofauti kwa joto, kwa gharama na kwa namna zinavyoharibika. Kinachofanywa na "kuchapisha" ni kuvifuta vyote vitatu.

Itasemwa kwamba neno limekwisha kuenea, na kwamba lugha nyingine nazo zimefanya hivyo hivyo. Ni kweli kuwa limeenea. Lakini hata wahandisi, ambao wafasiri wanadhani wanawafuata, hawakuridhika nalo. Kiwango cha kimataifa cha istilahi za fani hii, kilichotolewa mwaka 2015 na kurekebishwa mwaka 2021, kimechagua kusema uundaji kwa kuongeza, kikazigawa mbinu katika makundi saba, kila kundi likaitwa kwa kile kinachotendeka ndani yake: kuyeyusha tandiko la unga, kunyunyiza kiunganishi, na kadhalika. Uchapishaji umeachiwa mazungumzo yasiyo ya kitaalamu. Mfasiri wa Kiswahili aliyeshika "uchapishaji" ameacha istilahi akatafsiri porojo.

Linalofichwa zaidi na jina hili ni kazi ya fundi baada ya mtambo kuzimwa. Ukurasa uliochapwa hutoka umekamilika. Msomaji huuchukua akausoma. Kipande kilichosubiwa kwa leza hutoka kikiwa na viegemeo vilivyokishikilia kama jukwaa la mwashi, kikiwa kimeng'ang'ania bamba, na ndani yake mna mkazo mkubwa kwa kuwa kila kidimbwi kilipoa kwa kasi ya malaki ya nyuzi kwa sekunde. Kikikatwa kabla ya kupashwa moto tanurini na kupoozwa taratibu, hujikunja kama ubao mbichi ulioanikwa juani. Uso wake hukwaruza. Vipimo vyake huwa na hitilafu ya sehemu moja ya kumi ya milimita hivi, ilhali mahali pa kukalia beringi hudai usahihi mkali mara kumi ya huo. Kwa hiyo kipande hurudi kwenye mashine ambayo Kiswahili kinaiita kerezo, kikakerezwa, kikasagwa, kikapimwa. Matendegu ya vitanda vya Lamu yalikerezwa hivyo hivyo, ingawa mkerezaji wa Lamu hakusumbuliwa na mikroni.

Usahihi, basi, haumo ndani ya leza pekee. Kampuni ya General Electric ilipotaka ncha mpya ya kunyunyizia mafuta katika injini ya ndege iitwayo LEAP, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, vipande takribani 20 vilivyokuwa vikiunganishwa viligeuzwa kuwa kimoja, chepesi kwa asilimia 25 na, kwa kauli ya kampuni yenyewe, chenye uimara mara tano. Kufikia mwaka 2021 kiwanda chake cha Auburn, Alabama, kilikuwa kimetoa ncha 100,000. Takwimu hizo hupendwa sana na wahubiri wa uchapishaji. Wasichokitaja ni tanuri, mashine za kukata, vyombo vya kupimia, na mafundi wenye barakoa wanaochekecha unga uliosalia ili utumike tena, wakijihadhari nao kwa sababu unga laini wa metali huweza kushika moto, na ule wa titani ni hatari zaidi.

Hapa ndipo suala la istilahi linapogeuka kuwa suala la riziki. Mkuu wa chuo cha ufundi akiaminishwa kuwa mashine huchapa vipuri, atanunua mashine na kuwaacha nje mkerezaji na mhunzi, maana nani huajiri mhunzi wa kuhudumia printa? Mashine itakaa chini ya turubai. Kenya ina kumbukumbu ya kutosha mintarafu ya umbali uliopo baina ya mfano na kiwanda. Gari la Nyayo lilizinduliwa mwaka 1990, halikufikia kuundwa kwa wingi, na karakana iliyobaki baada ya mradi huo ikapewa jina ambalo hadi leo ni la Kiingereza, Numerical Machining Complex. Mwaka 2021 iliwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Vyuo vya ufundi vinafunza kwa Kiingereza. Jua kali inafunza kwa Kiswahili, na kwa lugha za mtaani zinazokizunguka. Fundi wa Nairobi anayeyeyusha alumini chakavu na kuimimina katika kalibu ya mchanga ili apate sufuria anajua kwamba chuma kikipoa hunywea, na kwamba hewa ikinaswa ndani huacha matundu yatakayovuja. Mwambie kuwa mtambo mpya unachapisha, naye atauliza wino unatiwa wapi. Mwambie kuwa unasubu bila kalibu, atauliza kama kitu kinapinda kinapopoa, na kama kuna matundu ndani. Hayo ndiyo maswali yanayowakosesha usingizi wahandisi wa Aachen na Auburn.

Kazi ya kutafuta majina haya haikuanza jana. Rajmund Ohly alitoa kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili jijini Dar es Salaam mwaka 1987, na TUKI ikafuata na kamusi za sayansi. Kinachoweza kusemwa dhidi ya "kusubu" ni kwamba limebaki kamusini kuliko midomoni, na huenda vijana wengi wa chuo kikuu hawajapata kulisikia likitamkwa na mtu mwenye masizi mikononi. Pingamizi hilo ni zito, na haliwezi kujibiwa ndani ya maktaba. Kamukunji si mbali na vyuo vikuu vya Nairobi. Ni safari ya matatu moja. Wanaisimu wawapelekee mafundi picha za kidimbwi cha leza, wataje kusubu, kulehemu na kufinyanga, kisha wanyamaze wasikilize wenyewe watakavyosema. Neno lao likiwa jingine, hilo ndilo liandikwe.