TRC kwenye behewa la 1949? Hapana jamani

Najua nimekuwa kimya, TP imenibana. Leo hakuna umbea wa bwenini, niko Kilwa Masoko na nina ugomvi na herufi tatu.

Basi bwana, nilikuwa naandaa kipindi cha uchumi wa kikoloni, Kidato cha Tatu. Nikasema kila siku tunawaimbia watoto reli ya Uganda wakati huku Kusini reli ilikuwepo. Ndiyo, ilikuwepo! Mradi wa karanga wa Waingereza ulipofika Nachingwea ikajengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikaanza kazi 1949, baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Mradi wenyewe ulikufa 1951. Reli ikajikokota mpaka 1962, ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Nikatengeneza mabehewa matatu ya maboksi, magurudumu vifuniko vya chupa za maji, rangi nyeusi, halafu ubavuni stika nyeupe: TRC. Yalipendeza, acheni tu. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani TRC ilikuwepo wakati wa Waingereza?"

Nikaishiwa pozi. Mimi kichwani nilikuwa na TRC hii ya SGR. TRC ya kwanza ilizaliwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, yaani miaka 15 baada ya reli ya Kusini kufungwa. Walioiendesha ni EAR&H, shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika.

Wenzangu wa TP wakanicheka, eti futa swali, songa mbele, nani anaangalia herufi za boksi? Mimi nakataa. Boksi ni boksi, halina mwaka. Kifuniko cha Uhai hakimwambii mtoto kitu. Kwenye zana ile kitu pekee kinachosema ni enzi gani na mali ya nani ni hayo maandishi. Na tazama, katika EAR&H jina la Tanganyika halimo hata kwa herufi moja! Hapo kipindi kizima cha ukoloni unacho ubavuni mwa boksi.

Sasa tatizo: stika za EAR&H utazipata wapi? Nimejaribu njia mbili, nawapa bure.

Ya kwanza selotepu. Chapa maandishi kwa printa ya leza au toa fotokopi (ile ya wino wa maji inafutika yote), bandika selotepu pana juu ya maandishi, sugua kwa kucha, loweka majini dakika chache, kisha sugua karatasi ya nyuma taratibu kwa kidole mpaka itoke. Wino unabaki kwenye selotepu. Safi sana kwa namba ndogo. Ila ni nyeusi tu, printa haitoi nyeupe, kwa hiyo kwenye behewa jeusi umeliwa.

Ya pili nimefundishwa na mzee mmoja anayeandika majina kwenye mashua hapa pwani. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida, akacheka, "Mwalimu, treni huku?" Lakini akanionyesha. Chukua picha ya zamani ya eksirei, chora herufi, kata kwa wembe. Hapo ndipo nilipoharibu mbili: A na R zina tumbo, ukikata mzunguko wote tumbo linadondoka unabaki na doa. Lazima uache vidaraja vyembamba vya kulishikilia. Ile & ndiyo msiniulize, ilinimaliza jioni nzima. Kisha sponji ya godoro, rangi nyeupe kidogo sana, unagongagonga, hupaki. Ukizidisha rangi inapenya chini.

Na vipimo jamani. Reli yetu ya kawaida ni upana wa mita moja. Yangu ni sm 5, yaani imepunguzwa mara 20, kwa hiyo herufi ya sm 30 inakuwa sm 1.5. Stika zangu za kwanza zilikuwa sm 6. Kwenye behewa la kweli hiyo ni herufi yenye urefu wa mita moja na ushee, kama bango la kampeni!

Nimeshabandua TRC zote, rangi ikatoka nazo, nimepaka upya. Jumatatu mabehewa yanarudi darasani. Kazi ya kusugua namba nimempa yule binti wa dawati la mbele.