Jikoni Kwetu: Ladha bila Nyama, na Siku Tatu za Muhogo

Juma hili maswali mengi yaliyotufikia yalikuwa ya namna moja: feza ile ile ya soko hairudi tena na kikapu kilichojaa, sasa tupike nini? Dawa ya bei hatuna. Lakini hapa Bukavu bado tunajua kufanya sufuria ndogo inukie mpaka kwa jirani. Na kuna hatari moja inayokuja pamoja na bei, tutaisema wazi.

Tuanze na maharagi, kwa sababu ndiyo yanayokula makala kuliko chakula kingine. Mji wetu uko juu, karibu metre 1,500, na huku maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, hayafiki 100. Ndiyo maana maharagi yanachelewa kuiva huku kwetu. Si uvivu wa mama. Yaloweke jioni katika maji mengi, na asubuhi mwaga maji hayo. Weka mapya, chemsha kwa nguvu nusu saa. Kiisha funika sufuria, itoe kwenye imbabula, uitie katika kikapu kilichojazwa vitambaa vikuukuu au majani makavu ya ndizi, ufunike juu kwa blanketi. Acha masaa manne au matano bila kufunua. Moto ulio ndani unaendelea na kazi, na makala yako yanabaki katika mfuko. Jioni unayachemsha tena kidogo na kuyaunga. Ila usipunguze ile nusu saa ya kwanza: maharagi, hasa mekundu, yasiyochemka vizuri yanatapisha watoto.

Sasa ladha. Wengi wetu tunatupa kitunguu, nyanya na mafuta pamoja kwa haraka, kiisha tunatafuta magi mbili za kusahihisha. Kitunguu kimoja kilichokatwa vyembamba, kikaachwa polepole kwenye mawese kidogo mpaka kigeuke rangi, kinatoa ladha kuliko vitunguu vitatu vilivyotokota ndani ya maji. Nyanya zifuate, seleri kama iko, na pilipili moja nzima isiyopasuliwa: inaacha harufu, na watoto bado wanakula. Nyanya zilizolainika ambazo Kadutu wanazimaliza jioni kwa bei ya chini ndizo nzuri zaidi kwa mchuzi wa siku ile ile.

Na sambaza. Si lazima fungu zima liishe kwa mlo mmoja. Nunua zile kavu zilizovunjika, toa mchanga, zikaange kwenye sufuria bila mafuta mpaka zinukie, zitwange, uweke unga wake katika kopo lenye kifuniko. Vijiko viwili katika lengalenga, matembele au majani ya maboga vinatosha nyumba. Ndagala za Uvira na Baraka zinafanyika vilevile. Ukiweka unga huo pamoja na karanga zilizotwangwa katika sombe, hakuna atakayeuliza nyama iko wapi. (Watoto watauliza, lakini kidogo.)

Tukitaja sombe: itwange vizuri, na ichemke kwanza kifuniko kikiwa wazi, ili sumu ya majani itoke na mvuke. Mafuta na viungo vinakuja nyuma. Anayeivisha sombe mbio ili kupunguza makala anapunguza mahali pasipofaa.

Hiyo sumu ya majani iko pia katika muhogo mchungu wenyewe, na hapo ndipo tunaogopa. Bei ikipanda, wenye kuuza wanaharakisha: muhogo uliopaswa kulala majini siku tatu unatolewa baada ya siku moja, unakauka, unasagwa, na kwa macho unga ni mweupe kama mwingine. Ugonjwa unaotoka hapo unaitwa konzo. Uliandikwa na waganga mara ya kwanza mwaka 1938, kule Kwango. Miguu inakakamaa ghafula, mtu aliyelala mzima anaamka akitembea kwa vidole au hatembei kabisa, na hakuna dawa ya kuirudisha miguu. Unawapata zaidi wamama na watoto, katika nyumba ambamo bugali wa muhogo usiolowekwa vizuri unaliwa kila siku bila samaki, maharagi wala nyama. Kwa hiyo kile kijiko cha sambaza si cha kunukia tu.

Unaloweka mwenyewe? Siku tatu kamili, na huku kwetu kwenye baridi usiogope kuongeza ya ine. Unanunua unga na hujui ulitoka wapi? Fanya kama wamama wa Popokabaka, katika Kwango hiyo hiyo, walivyofundishwa. Weka unga katika beseni, usawazishe, tia alama mahali unapofika. Ongeza maji ukikoroga: unga utashuka, kiisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimetre moja, masaa mawili juani au matano kivulini. Sumu inatoka na hewa. Unapika bugali siku ile ile. Haiombi makala wala feza, inaomba mkeka tu.

Neno la nani anakula. Wengi wetu tunapakua, tunagawa, tunabaki na ukoko, tunasema tumeshiba. Mwenye mimba na anayenyonyesha asipakuliwe wa mwisho. Hilo tunawaambia pia wababa wanaosoma ukurasa huu kwa siri.

Vikundi vya likirimba, fikirini hivi: zamu moja kati ya zamu zenu isiwe ya feza, iwe ya gunia la maharagi wakati wa mavuno, mgawane kwa kopo mbele ya wote. Kikundi kinachotaka kuona kikapu cha kupikia kikifanya kazi kitume wamama wawili kwenye mkutano wa juma lijalo. Waje na sufuria yenye kifuniko kinachoshika, na maharagi yaliyolala majini usiku.