Bwawa la Kijiji Ni Uhai, Lakini Lisitelekezwe

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kusoma habari za chanjo, lishe ya watoto, malaria na usafi wa vyoo. Safari hii tuzungumze juu ya tuta la udongo lililozuia maji bondeni, chini ya migomba na mashamba ya chai. Pengine utauliza: tuta la udongo linahusiana nini na afya? Linahusiana sana. Tuta hilo likitunzwa, familia hupata samaki, ng'ombe wa maziwa hupata maji, na bustani humwagiliwa wakati wa kiangazi. Likitelekezwa, linaweza kuleta magonjwa polepole, au kuua watu wengi kwa usiku mmoja.

Sisi wa Rungwe tuna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kati ya Novemba na Mei. Nchi yetu ni ya miteremko. Maji ya kila kilima hukimbilia vijito, na vijito hukimbilia Kiwira, Mbaka na Lufilyo hadi Ziwa Nyasa. Tena udongo wetu umetokana na volkano. Una rutuba nyingi, lakini mahali pengine chini yake kuna tabaka la vijiwe vyepesi vyenye matundu ambavyo hupitisha maji kwa urahisi. Tuta likijengwa juu ya tabaka hilo bila kuliondoa, maji hujitafutia njia chini kwa chini.

Watu husema, "Bwawa letu ni dogo, haliwezi kumdhuru mtu." Hebu tupige hesabu. Bwawa lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 40 na kina cha wastani wa mita 2 lina mita za ujazo 4000 za maji. Kila mita ya ujazo ina uzito wa tani moja. Basi tuta hilo dogo limezuia tani 4000, yaani mzigo wa malori 400 ya tani kumi kumi. Mzigo huo ukiachiliwa kwa mara moja kwenye mteremko, nyumba ya matofali mabichi haiwezi kusimama mbele yake.

Tarehe 9 Mei 2018, wakati wa usiku, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilipasuka huko Solai, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, baada ya mvua kubwa. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Waliokufa walikuwa wakazi wa upande wa chini, watu ambao hawakuwa na mamlaka yoyote juu ya bwawa lenyewe. Na huko Marekani, tarehe 31 Mei 1889, bwawa la udongo lililokuwa juu ya mji wa Johnstown lilipasuka na kuua watu zaidi ya 2200. Wenye bwawa walikuwa wameshusha kimo cha tuta ili magari ya farasi yapite juu yake, na wakaweka nyavu za chuma kwenye njia ya maji ya ziada ili samaki wao wasitoroke. Takataka zikaziba nyavu, maji yakapanda, yakapita juu ya tuta.

Msomaji mwenye bwawa la samaki asome tena habari hiyo ya nyavu. Kila bwawa linapaswa kuwa na utoro, yaani njia pana ya pembeni inayopitisha maji ya ziada mvua inapozidi. Hapo ndipo penye usalama wa bwawa zima. Lakini wako watu wanaouziba utoro kwa mawe, magogo au viroba vya udongo ili maji yaongezeke na samaki wasiondoke. Maoni yangu ni kwamba kitendo hicho kihesabiwe sawa na kutia sumu katika kisima cha kijiji. Tuta la udongo halikujengwa ili maji yapite juu yake. Yakipita, huchimba upande wa chini, na saa chache zatosha kulimaliza tuta lote. Afadhali kupoteza samaki mia kuliko kupoteza mtoto mmoja wa jirani.

Basi utunzaji wenyewe ni upi? Si kazi ya fedha nyingi. Ni kazi ya jembe, panga na macho.

Kwanza, utoro usafishwe kila mwaka kabla ya Novemba, na utazamwe tena kila baada ya mvua kubwa. Pili, juu ya tuta pawe sawasawa, bila mahali palipobonyea, na pawe juu ya usawa wa maji ya kawaida kwa kiasi cha mita moja hivi. Tatu, tuta lifunikwe kwa majani mafupi kama ukoka. Migomba, milingoti na miti mingine isipandwe juu yake, kwa sababu mizizi ikioza huacha mirija ya kupitisha maji. Miche midogo ing'olewe mapema. Kama mti umekwisha kuwa mkubwa, usiung'oe bwawa likiwa limejaa. Omba kwanza shauri la mtaalamu. Nne, mashimo ya panya, fuko na nungunungu yafukiwe na kushindiliwa. Tano, ng'ombe wasipite juu ya tuta. Watengenezewe mahali pa kunyweshea upande wa chini, kwa bomba.

Dalili za hatari zinafaa kujulikana na kila mtu, hata mtoto wa shule. Unyevunyevu kidogo wenye maji maangavu chini ya tuta uangaliwe kila siku kama unaongezeka. Lakini maji yanayotoka yakiwa na tope, ujue kwamba tuta linaliwa kutoka ndani. Nyufa ndefu, udongo uliomeguka na kuteleza, au shimo jipya juu ya tuta ni dalili za namna hiyo hiyo. Hapo msingoje kikao. Wakazi wa upande wa chini waambiwe wahame mara moja, hata kama ni usiku. Mtendaji wa kijiji apewe habari, na maji yapunguzwe kidogo kidogo kwa bomba la kutolea. Mtu asijaribu kulikata tuta kwa jembe, kwa maana atakuwa amelipasua yeye mwenyewe.

Yako pia magonjwa. Kingo zenye maji ya kina kifupi na majani mengi ni makao ya viluwiluwi vya mbu na ya konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Hatari hii ni kubwa zaidi katika sehemu za joto, kuelekea Kyela. Kichocho huingia kupitia ngozi. Vijidudu hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayecheza majini. Mtu anayekojoa damu au kupata choo chenye damu aende zahanati, kwani dawa ipo. Majani ya kingoni yang'olewe mara kwa mara, kingo zichongwe ziwe wima kidogo, na perege wafugwe kwa sababu hula viluwiluwi. Choo kiwe mbali na bwawa. Na upande wenye kina kirefu uwekewe uzio, maana mtoto mdogo huzama bila hata kupiga kelele.

Kwa nini basi mabwawa mengi huharibika, ikiwa kazi ni nyepesi hivi? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu hayana mwenyewe. Kila mtu huvua, kila mtu hunywesha, lakini ukiuliza nani alisafisha utoro mwaka jana, watu hutazamana. Lililojengwa na mfadhili huitwa la mfadhili. Lililojengwa na serikali huitwa la serikali. Lakini maji yakishuka usiku hayaulizi nani alilipa saruji.

Napendekeza mambo matatu. Kila bwawa liwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye jukumu la kulitazama kila juma wakati wa mvua, apewe posho ndogo kutokana na mauzo ya samaki. Kamati ya bwawa iwe na wajumbe kutoka nyumba za upande wa chini, akina mama wakiwemo, kwa sababu hatari ni yao. Na kabla ya kujenga bwawa jipya au kuongeza kimo cha la zamani, shauri liombwe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inataka vibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina ofisi yake hapa hapa Tukuyu. Wako watakaolalamika kwamba kibali kinachelewesha kazi. Ni kweli, kinachelewesha. Lakini tuta lililojengwa vibaya haliwezi kurekebishwa wakati maji yamekwisha kuligusa ukingo wa juu.

Wazee walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bwawa ni zaidi ya hapo: ukuta utajengwa tena, lakini watu hawatarudi. Jumuiya zenu zipange siku moja ya Oktoba, mchukue majembe na mapanga, mwende mkalitazame bwawa lenu mkiwa na watoto, ili nao wajifunze kulitunza.