Wakili Huitwa Barua Ikishatoka
JICHO LA MASAKU, na Ndinda Muli

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkurugenzi wa shule ya kibinafsi, mwenye timbo la mawe: wote huingia kwa wakili wakiwa na karatasi ya namna moja mkononi, barua ya madai. Mfanyakazi alipigwa kalamu miezi kadhaa iliyopita. Pengine alifutwa kwa simu, pengine bawabu aliambiwa asimfungulie lango. Hakuna mkataba, hakuna barua ya onyo, hakuna daftari la likizo. Ndipo mwajiri anauliza, "Wakili, hii kesi tutashinda?"

Kesi hiyo ilipotea siku ile lango lilipofungwa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haimkatazi mwajiri kumwachisha mtu kazi. Inamtaka awe na sababu anayoweza kuithibitisha na afuate utaratibu wa haki, vyote viwili kwa pamoja. Mtu aliyenaswa na kamera akiiba anaweza kulipwa fidia ikiwa alifukuzwa bila kusikilizwa. Hili huwaudhi waajiri wengi ninaozungumza nao, lakini naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimeona kinachofichuka mtu akipewa nafasi ya kusema.

Nimewahi kuketi katika kamati ya nidhamu ya shule moja katika kaunti hii ya Machakos. Mlinzi, mzee wa makamo, alishtakiwa kwa kulala kazini. Barua ya kumtaka ajieleze iliandikwa kwa Kiingereza, ukurasa mzima, na maswali yakaulizwa kwa Kiingereza. Mzee aliitikia "yes" kila alipoulizwa. Karani alikuwa anaandika kwamba amekiri, wakati mpishi aliyekuja kuandamana naye aliponyoosha mkono na kuomba aulizwe kwa Kikamba. Akaulizwa. Alisema mwenzake wa mchana hakuwa amefika, kwa hiyo yeye alikuwa langoni tangu jioni ya siku iliyotangulia, na alikuwa amempigia msimamizi simu kumweleza. Msimamizi alikuwa mle chumbani. Alitazama chini.

Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinasema mfanyakazi aelezwe makosa yake katika lugha anayoielewa, mfanyakazi mwenzake akiwepo, na utetezi wao usikilizwe kabla ya uamuzi. Mahakama ya Rufaa ilisisitiza hayo mwaka 2019 katika kesi iliyohusu Shirika la Posta. Bila yule mpishi, mzee angeenda nyumbani, na shule ingebaki na kumbukumbu za kikao ambazo hakimu yeyote angezitilia shaka.

Wakili mzuri wa mwajiri hufanya kazi yake hapo, kabla ya kikao. Huisoma barua na kusema, "Hii iandikwe upya." Huuliza nani atatafsiri. Humwambia mwenye kampuni jambo asilotaka kusikia, kwamba sababu aliyo nayo haitoshi.

Kampuni kubwa za mawakili za Nairobi zimejenga jina kwa kazi ya namna hii. Hamilton Harrison & Mathews, ambayo sasa iko chini ya Dentons, ilianza 1902; Kaplan & Stratton, 1927; Oraro & Company, 1977. Pamoja na Bowmans na Anjarwalla & Khanna, huandikia benki na viwanda mikataba, hukagua sera za nidhamu, hufunza mameneja na hushauri kampuni inapouzwa au inapopunguza wafanyakazi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huishia kwenye faili ambalo halifiki kwa jaji.

Viwanda vya Athi River vinajua thamani ya ushauri huo. Mnamo Septemba 2019 kampuni ya saruji ya East African Portland ilitangaza kuondoa nafasi za wafanyakazi wake wote na kuwataka waombe kazi upya. Mwajiri anapofika hapo, kifungu cha 40 kinamdai mengi: notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba, vigezo wazi vya kuchagua nani aondoke, na malipo yasiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Hilo si jambo la kuandikwa usiku mmoja na meneja aliyechoka.

Mwajiri mdogo naye ana mengi ya kupoteza. Chukua muuzaji wa duka anayelipwa Sh20,000 kwa mwezi. Akifutwa kinyume cha sheria, korti inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, yaani Sh240,000, pamoja na mwezi wa notisi, likizo ambazo hakwenda na gharama za kesi. Tangu 2018 mahakimu wamepewa mamlaka ya kusikiliza migogoro ya wanaolipwa hadi Sh80,000 kwa mwezi. Anayedhani kesi za kazi ni za Nairobi tu amepitwa na wakati. Vilevile anayesema, "Huyu bado yuko kwenye majaribio, hana haki": mwaka 2021 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba hata aliye kwenye majaribio ana haki ya kusikilizwa.

Upo ushauri mwingine unaouzwa kwa waajiri, nao nauchukia. Ni ule wa kumweka mtu kibarua wiki tatu, kumpumzisha siku chache, kumrudisha, kisha kuanza tena, miaka nenda miaka rudi. Kifungu cha 37 kiliwekwa ili kuzuia mchezo huo: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi, sheria humhesabu kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Wakili anayechora njia ya kukikwepa anamlimbikizia mteja wake deni, na anamnyima mama wa Kathiani au Mwala malipo yake ya uzeeni.

Asiyemudu mawakili wa Nairobi ana Shirikisho la Waajiri Kenya, FKE, lililoundwa 1959. Sheria inaruhusu maafisa wake kumwakilisha mwanachama mahakamani, na shirikisho lenyewe hutoa ushauri kabla mambo hayajafika huko. Lakini ningependa zaidi mawakili wetu wa hapa Machakos watangaze ada moja inayojulikana, ambayo mwenye duka ataimudu, kwa kazi mbili tu: kumwandikia mkataba wa mfanyakazi wake wa kwanza, na kuisoma barua ya kumtaka mtu ajieleze kabla haijatoka ofisini.